Mwanafunzi anayesikia lakini hasemi: zana za kufundishia mazungumzo darasani

Mwalimu anauliza: "Mmeelewa?" Darasa zima linajibu kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu anageukia ubao na kuendelea kuandika.

Yeyote aliyesoma katika shule za Afrika Mashariki anakifahamu kiitikio hicho. Lakini mwalimu huyo huyo akimtaka mwanafunzi mmoja asimame na kueleza kwa maneno yake mwenyewe kile alichokielewa, mara nyingi darasa huwa kimya. Macho huelekea chini ya madawati, na hatimaye husimama wale wale watatu au wanne wanaosimama kila siku.

Nchini Tanzania, ukimya huo hudhihirika zaidi katika wiki za kwanza za kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huanza kufundishwa baiolojia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza. Aliyekuwa hodari wa kuuliza maswali akiwa darasa la saba huanza kunyamaza. Hakunyamaza kwa kuwa akili yake imepungua. Hana lugha ya kuulizia. Na mwanafunzi asiyeweza kuuliza hana njia ya kumjulisha mwalimu kwamba ameachwa nyuma, mpaka matokeo ya mtihani yatakapotangazwa.

Ukimya unaofanana na huo unasikika pia katika nyumba za Waswahili walioko London, Maskati au Minneapolis. Mama anamwambia mwanawe kwa Kiswahili alete maji, na mtoto analeta maji. Ameelewa kila neno. Lakini jibu lake ni kwa Kiingereza au kwa Kiarabu.

Makala haya yanaeleza ni kwa nini kusikia hakumfanyi mtu kuwa msemaji, na ni zana zipi ambazo mwalimu, hata asiye na umeme wala vitabu vya kutosha, anaweza kuzitumia ili mwanafunzi afumbue kinywa.

Stadi isiyotahiniwa

Walimu wa lugha hufundishwa vyuoni kwamba stadi za lugha ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mtoto huanza na mbili za kwanza kabla hajafika shuleni. Akishafika shuleni, ni hizo mbili za kwanza ambazo hutengewa muda mfupi zaidi.

Sababu kubwa ni mtihani. Nchini Kenya, kwa mfano, somo la Kiswahili lilifanywa la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mtihani wa kidato cha nne chini ya mfumo huo una karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Zote tatu ni za kuandika. Silabasi inataja kusikiliza na kuzungumza, lakini mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu kabisa bila ya mtahini kuisikia sauti yake hata mara moja. Mwalimu anayepimwa kwa matokeo ya wanafunzi wake hulazimika kuchagua, na huchagua kalamu.

Jambo hili haliwahusu Waafrika peke yao. Mwaka 1965, Andrew Wilkinson wa Chuo Kikuu cha Birmingham alilazimika kubuni neno jipya la Kiingereza la kuutaja umilisi wa kuzungumza na kusikiliza, kwa sababu kulikuwa na neno la kujua kusoma na kuandika, lakini hapakuwa na lolote la kujua kusema. Na huko huko Uingereza, kuanzia mwaka 2014 alama za kuzungumza na kusikiliza ziliondolewa katika hesabu ya daraja la mtihani wa Kiingereza unaofanywa na wanafunzi wa umri wa miaka 16. Hubandikwa pembeni ya cheti tu.

Mabadiliko yapo. Mtaala wa umilisi ulioanza kuenezwa Kenya miaka ya mwisho ya 2010 umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao kila mwanafunzi anapaswa kuupata. Lakini mtaala ni karatasi. Kinachotakiwa ni kitu ambacho mwalimu atakishika mkononi Jumatatu asubuhi.

Hesabu ya dakika

Kabla ya kuzitaja zana, ni vyema kuutazama muda wenyewe.

Katika miaka ya 1960, mtafiti wa Kimarekani Ned Flanders alichunguza mazungumzo ya darasani na kufikia kanuni iliyopata umaarufu: thuluthi mbili za kipindi kuna mtu anayezungumza, na thuluthi mbili za mazungumzo hayo ni ya mwalimu.

Kanuni hiyo ilitokana na madarasa ya Marekani, yasiyo na msongamano kama wa Afrika. Hata hivyo, iazimwe kwa ajili ya hesabu tu. Kipindi kina dakika 40. Muda wa kuzungumza ni kama dakika 27, na mwalimu anachukua 18. Zinabaki dakika tisa. Ikiwa darasa lina wanafunzi 60, kila mmoja anapata sekunde tisa. Sekunde tisa zinatosha kusema "Ndiyo, mwalimu" na kukaa.

Sasa mwalimu huyo huyo atenge dakika kumi tu, na awagawe wanafunzi wawili wawili wazungumze kwa zamu. Kila mmoja anapata takriban dakika tano. Hizo ni zaidi ya mara 30 ya zile sekunde tisa, na hapana kitabu kilichonunuliwa wala chumba kilichoongezwa.

Kwa hiyo zana ya kwanza ya kufundishia mazungumzo ni mpangilio wa zamu. Nyingine zote huzaliwa humo. Njia iliyo rahisi zaidi ni ile iliyoelezwa na Mmarekani Frank Lyman mwaka 1981, ambayo walimu wa Afrika Mashariki huiita fikiri, jozisha, shirikisha. Mwalimu hutoa swali, kila mwanafunzi hulifikiria peke yake kwa dakika moja, kisha humweleza jirani yake, na ndipo baadhi yao hulieleza darasa zima. Mwanafunzi mwoga akifika hatua ya tatu anakuwa ameshayasema maneno yake mara moja mbele ya mtu mmoja asiyemcheka.

Sababu ya kusema

Lakini kuwakalisha wanafunzi wawili wawili na kuwaambia "zungumzeni" hakutoshi. Watazungumza juu ya mpira, tena kwa lugha wanayoiweza zaidi. Mtu husema pale anapokuwa na jambo ambalo mwenzake halijui na analihitaji.

Zingatia swali la kawaida la mwalimu wa lugha. Ananyanyua kalamu na kuuliza: "Hii ni nini?" Darasa linajibu: "Hiyo ni kalamu." Mwalimu alikuwa anajua, darasa lilikuwa linajua, na hakuna aliyepata habari yoyote. Nje ya shule hakuna mtu mzima anayeuliza swali la namna hiyo.

Kuanzia miaka ya 1970, walimu wa lugha barani Ulaya waliokuwa wakitafuta njia ya kufundisha mawasiliano walianza kutumia mazoezi yanayojengwa juu ya pengo la habari. Mmoja ana nusu ya jambo, mwenziwe ana nusu nyingine, na hakuna ruhusa ya kuchungulia. Njia pekee ya kuliziba pengo ni kuuliza na kujibu.

Umuhimu wa kulazimika kusema ulielezwa vyema na mtaalamu wa Canada, Merrill Swain, mwaka 1985. Aliwachunguza watoto wenye asili ya Kiingereza waliokuwa wakifundishwa masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka kadhaa. Uwezo wao wa kuelewa ulikaribia ule wa watoto wa Kifaransa wenyewe. Lakini walipozungumza, makosa ya sarufi yalikuwa mengi. Swain alitoa hoja kwamba kusikiliza peke yake humruhusu mtu kubahatisha maana bila kuijali sarufi. Anapolazimika kusema na kueleweka, ndipo anapogundua neno lipi hana na sentensi ipi haisimami.

Hilo ndilo linalomkuta mwanafunzi wa kidato cha kwanza, na ndilo linalomkuta mtoto wa ughaibuni.

Zana za maboksi na vizibo

Zana za kujenga pengo la habari hazihitaji bajeti. Karatasi ya manila, boksi tupu, gazeti la zamani, kalenda ya mwaka uliopita au mfuko wa saruji uliokung'utwa vinatosha. Zifuatazo ni zile zinazofaa hata katika darasa lenye msongamano.

Ya kwanza ni picha mbili zinazokaribiana. Mwalimu huchora soko mara mbili, lakini katika picha ya pili hubadilisha mambo sita: muuza ndizi hayupo, mbuzi amefungwa upande mwingine, mwavuli umefungwa. Wanafunzi wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akiificha picha yake, na kuulizana mpaka wazipate tofauti zote. Sarufi ya mahali, yaani juu ya, kando ya, katikati ya, hutumika mara nyingi katika dakika kumi kuliko katika ukurasa mzima wa mazoezi ya kuandika.

Ya pili ni kuchora kwa kusikia. Wanafunzi hukaa mgongo kwa mgongo. Mmoja ana mchoro, mwingine ana karatasi tupu au kipande cha chaki na sakafu. Wa kwanza anaelekeza, wa pili anachora. Kosa la lugha huonekana papo hapo katika mchoro, na hapana haja ya mwalimu kulisahihisha kwa wino mwekundu.

Ya tatu ni jedwali lenye mapengo. Mwanafunzi mmoja ana ratiba ya mabasi inayoonyesha saa za kuondoka, mwenziwe ana ile inayoonyesha nauli. Wakimaliza kuulizana, wote wawili wawe na ratiba kamili. Mwalimu wa jiografia anaweza kufanya hivyo kwa mvua na joto la miji, na wa historia kwa tarehe na matukio. Kwa njia hiyo stadi ya kuzungumza haimwibii muda mwalimu wa somo lingine.

Ya nne ni vizibo vya soda. Katika kundi la watu watano, kila mmoja hupewa vizibo vitatu. Anayetaka kusema huweka kizibo kimoja katikati. Vikimwishia, hunyamaza mpaka wenzake nao wamalize vyao. Wale mahodari wanaopenda kujibu kila swali hujifunza kuchagua, na wale wanyamavu hujikuta wana zamu ambayo hakuna awezaye kuichukua. Punje za maharage au mahindi hufanya kazi ile ile.

Ya tano ni saa. Mtaalamu wa New Zealand, Paul Nation, mwaka 1989 alichapisha utafiti kuhusu zoezi ambalo mwanafunzi anasimulia jambo moja mara tatu, kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwanza kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Kwa kuwa msikilizaji ni mpya kila mara, msimulizi hachoki na habari yake. Na kwa kuwa muda unapungua, hulazimika kusema bila kusitasita. Wanaoanza kujifunza lugha wanaweza kupunguziwa: dakika mbili, moja na nusu, na moja. Safu mbili za wanafunzi wakitazamana uwanjani zinatosha; safu moja husogea hatua moja, na kila mtu anapata msikilizaji mwingine.

Ya sita huunganisha masikio, kinywa na kalamu. Mwalimu husoma mara mbili habari fupi ya sentensi nne au tano kwa mwendo wa kawaida. Wanafunzi huandika maneno machache tu wanayoyanasa. Kisha, wakiwa makundi, huijenga upya habari ile kwa kujadiliana. Mwalimu Ruth Wajnryb aliieleza njia hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1990. Faida yake ni kwamba wanafunzi hubishana kuhusu lugha yenyewe: ni "alikuwa amefika" au "alifika"? Mabishano hayo ndiyo somo.

Hazina iliyopo kijijini

Afrika Mashariki haikungoja wataalamu wa Ulaya kuifundisha kusema. Fasihi simulizi ina zana zilizokamilika, zenye kanuni zake na hadhira yake.

Tazama kitendawili. Mtegaji anasema "Kitendawili!", wenzake wanajibu "Tega!" Anatega, wanabahatisha. Wakishindwa, anadai mji. Wanampa mji, na yeye anaeleza alivyokwenda huko na jinsi alivyokirimiwa, kisha ndipo anapotoa jibu. Ndani ya mchezo huo mna zamu, mna pengo la habari, na mna nafasi ya kusimulia kwa kubuni. Kasoro ya shule ni kwamba vitendawili hugeuzwa orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani, swali upande huu na jibu upande ule. Mwalimu anayewataka wanafunzi watunge vitendawili vipya kuhusu simu ya mkononi, bodaboda au ubao wa darasani huurejesha mchezo mahali pake.

Vivyo hivyo vitanza ndimi. Kwa mwanafunzi ambaye lugha ya nyumbani haitofautishi "l" na "r", au "z" na "dh", sentensi ya kuchekesha iliyosheheni sauti hizo ni zoezi la matamshi ambalo hataliona kuwa adhabu.

Ngonjera nazo zilianza kuenezwa Tanzania na Mathias Mnyampala pamoja na chama cha UKUTA baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Ni majibizano ya kishairi baina ya pande mbili zinazopingana, na shule nyingi ziliyapokea. Darasani yanaweza kuwa daraja la kuelekea mdahalo. Mwanafunzi huanza na hoja aliyoandikiwa, kisha hutakiwa kuongeza beti mbili zake mwenyewe za kumjibu mpinzani.

Hata kanga iliyofungwa kiunoni ni zana. Kila kanga ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Mwalimu akileta kanga tatu darasani, maswali hayaishi. Nani humpa nani kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio"? Kwa sababu gani? Aliyepewa angejibu kwa kanga ipi? Wanafunzi wa Lamu na wa Tabora hawatatoa jibu moja, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Redio inayongoja jibu

Redio kwa desturi huzungumza bila kujibiwa. Hata hivyo, imewahi kutumika kufundishia mazungumzo, na Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hiyo.

Katika miaka ya 1970, nchini Nicaragua, ilibuniwa njia ya kufundisha hisabati kwa redio ambapo msomaji huuliza swali na kunyamaza kwa sekunde chache ili watoto wajibu kwa sauti, kisha husema jibu lililo sahihi. Miaka ya 1980 njia hiyo ilitumiwa Kenya kufundisha Kiingereza kuanzia darasa la kwanza hadi la tatu, kwa vipindi vya nusu saa. Tathmini ilionyesha kwamba waliofundishwa kwa redio walifanya vyema kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida, hasa katika kusikiliza na kusoma.

Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2006, ilikuwa na kipindi cha Tucheze Tujifunze kwa ajili ya watoto wadogo. Watoto katika maeneo yasiyo na shule za maandalizi walikusanyika katika vituo vilivyojulikana kama vituo vya TuTu, wengine chini ya miti, na kuimba, kucheza na kujibu pamoja na redio wakiongozwa na mtu mzima wa mtaani.

Uzoefu huo una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sauti nzuri inayotoka katika redio humsaidia mwalimu ambaye mwenyewe hana uhakika na matamshi yake. La pili ni kwamba redio haisikii. Mtoto akijibu kwa usahihi au kwa makosa, sauti ile inaendelea kama ilivyorekodiwa. Inaweza kumfungulia kinywa, lakini haiwezi kubadilisha swali kwa sababu ya alichosema. Kazi hiyo hubaki kwa binadamu.

Leo simu ya mkononi moja katika darasa huweza kufanya kile ambacho redio haikuweza. Kundi hurekodi mahojiano ya dakika mbili na mzee wa jirani, na darasa huyasikiliza na kuyajadili. Mwanafunzi anayejisikia mwenyewe hugundua makosa mengi kabla ya kuambiwa.

Hofu, adhabu na subira

Zana zote hizo hazitafua dafu ikiwa mwanafunzi anaogopa.

Hofu hiyo ina historia. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha insha kilichotoka mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni Kenya walivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni kwa kosa la kuzungumza Kikuyu shuleni. Mtindo wa kibao haukuondoka na mkoloni. Katika shule nyingi baada ya uhuru, kibao kiliendelea kupita mkono kwa mkono, na mabango ya kuamuru Kiingereza pekee yakawekwa milangoni.

Kusudio ni kuwafanya watoto wazoee lugha mpya. Matokeo yake mara nyingi ni kinyume. Njia salama ya kutoadhibiwa kwa lugha isiyotakiwa ni kutosema kabisa.

Huko Wales, ambako Kiwelisi nacho kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa kibao cha shingoni, mwalimu Cen Williams alieleza mwaka 1994 utaratibu ulio tofauti. Wanafunzi husoma au kusikiliza kwa lugha moja na kujadili au kuandika kwa nyingine, kwa mpango uliowekwa na mwalimu. Katika darasa la kidato cha kwanza, hilo lingekuwa hivi: kundi linajadili jaribio la baiolojia kwa Kiswahili kwa dakika tano, linatayarisha sentensi tatu za Kiingereza kwa dakika tatu, kisha mmoja anazitoa mbele ya darasa. Fikra hupangwa kwa lugha iliyokomaa, na lugha changa hupewa mzigo inaouweza.

Zana nyingine ya kuondoa hofu ni ukimya wa mwalimu. Katika miaka ya 1970, Mary Budd Rowe wa Marekani alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Aligundua kwamba kwa kawaida ni kama sekunde moja tu, kisha mwalimu humtaja mwingine au hujijibu mwenyewe. Walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza. Anayejibu kwa lugha ya pili ana kazi mbili: kutafuta wazo, na kulitafutia maneno. Kumnyima sekunde mbili ni kumnyima jibu.

Kuhusu makosa, mwalimu anayemkatiza mwanafunzi kila anapokosea humfundisha kufupisha sentensi. Ni afadhali kutembea baina ya makundi, kuandika makosa manne au matano yanayojirudia, na kuyaweka ubaoni mwishoni bila ya kumtaja mtu.

Mwalimu aliyezoea darasa tulivu atauliza kuhusu kelele. Wanafunzi 60 wanaozungumza pamoja hawawezi kuwa kimya, na darasa la jirani litasikia. Hapa panahitajika makubaliano na mwalimu mkuu, ishara moja ya kunyamaza ambayo kila mtu anaijua, kama vile mkono uliopandishwa, na kazi yenye mwisho unaoonekana. Kelele ya watu wanaotafuta tofauti sita katika picha hukoma zinapopatikana zote sita.

Bibi kwenye simu

Kwa familia zilizoko ughaibuni, darasa ni meza ya chakula au shule ya mwishoni mwa wiki katika ukumbi wa kuazima. Huko Oman zipo familia zenye asili ya Zanzibar na mwambao ambazo kizazi cha mababu huota kwa Kiswahili na wajukuu hucheza kwa Kiarabu. Uingereza na Marekani hali ni hiyo hiyo kwa Kiingereza.

Wazazi wengi huamini kwamba kumsemesha mtoto kwa Kiswahili kila siku kutatosha. Kunatosha kumfanya aelewe. Lakini ikiwa kila anapojibu kwa Kiingereza anapewa alichoomba, hana sababu ya kujibu vingine, na kumgombeza humwongezea aibu tu.

Pengo la habari hufanya kazi hapa kuliko mahali popote. Bibi aliyeko Tanga au Mombasa anajua jambo ambalo mtoto analitaka, na hajui lugha nyingine. Mtoto apewe kazi ya kumpigia simu, amwamkie, na kumwuliza visheti vinapikwaje: unga kiasi gani, sukari inawekwa lini, mafuta yapate moto kiasi gani. Mama asiwe mkalimani. Jioni, visheti vitapikwa kwa maelezo aliyoyaleta mtoto. Akikosea kiasi, kila mtu atalitambua kosa kwa ulimi, naye atapiga tena simu.

Wiki nyingine aulize babu alikuwa akicheza mchezo gani utotoni na kanuni zake zilikuwaje, kisha awafundishe wadogo zake. Wazee hawadumu, na maswali hayo hayangoji mtoto akue.

Kupima bila mtihani

Mwalimu mwenye wanafunzi 60 hawezi kuwasikiliza wote siku moja, na hana haja. Akiwasikiliza kwa makini watano katika kila kipindi, baada ya vipindi 12 atakuwa amewasikia wote. Daftari moja lenye majina na safu nne linatosha: je, alieleweka? Alimsikiliza mwenziwe na kumjibu? Alitoa zaidi ya sentensi moja? Ni neno au muundo gani aliukosa?

Kwa kuanzia, mwalimu anaweza kumpa mwanafunzi mmoja wa nyuma kazi ya kuweka alama kwa kila mtu anayesema katika kipindi kimoja cha kawaida. Mwisho wa kipindi, orodha hiyo itamwonyesha ni nani waliozungumza, ni mara ngapi, na ni wangapi waliotoka darasani bila ya kutamka hata neno moja lao wenyewe. Hao wa mwisho ndio wa kupewa vizibo vitatu katika kipindi kinachofuata.